Mrejesho wa Mayai Kumi na Moja

Kila asubuhi, kabla randa ya mwanawe haijaanza kulia, Bibi alitoka uani na bakuli la pumba. Aliwaita kuku wake, akawahesabu kwa kidole, kisha akawahesabu tena. Kuku hao walikuwa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Wageni waliwacheka. Walisema kuku hawa wametoka kunyolewa. Bibi hakujali. Alisema anayecheka apewe yai la kishingo, atanyamaza mwenyewe.

Mbegu ile aliirithi. Alipoolewa alikuja na tetea wawili ndani ya kikapu, zawadi ya mama yake. Mumewe alikwisha kufa na nyumba yao ya kwanza ilikwisha kubomoka, lakini kishingo hawakuwahi kukosekana uani kwake.

Bibi aliishi na mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Seremala. Mke wa Seremala aliitwa Mama Pacha. Alikuwa na cherehani barazani, akishona foronya na mashuka. Pacha wao, wasichana wa darasa la nne, walirudi kutoka shule saa tisa na kuijaza nyumba maneno. Upande mmoja wa ua kulikuwa na banda la kuku. Upande wa pili, chini ya bati, kulikuwa na karakana ya Seremala.

Mwaka ule mdondo ulipita mtaani. Huu ni ugonjwa unaoua kuku kwa siku chache. Kuku kumi na tisa wa Bibi wakabaki wanne: tetea watatu na jogoo mmoja mzee. Tetea waliendelea kutaga, lakini hakuna hata mmoja aliyekubali kuatamia. Walitaga, wakapiga kelele, wakaondoka, kama watu waliomaliza zamu.

"Hawa wakifa hivi hivi, basi," Bibi alisema. "Sijui pengine pa kupata mbegu hii."

Seremala hakupenda kumsikia mama yake akisema "basi". Siku mbili baadaye alitengeneza sanduku la kutotolesha vifaranga. Lilikuwa la mbao nyembamba, na ndani yake alifunga taa mbili za kuleta joto. Aliweka kipimajoto na kikombe cha maji. Alitoboa matundu manne madogo, kwa sababu aliyaona kwenye picha. Lakini matundu yale yalimkera. Seremala alikuwa fundi wa kuunga. Watu walisema mlango wake ukifungwa, hata harufu ya vitunguu haipiti.

Shida ilikuwa joto. Lilipanda, likashuka, likapanda tena. Basi alichukua simu, akaingia kwenye jukwaa la wafugaji wa kuku. Jukwaa hilo ni kama baraza la kwenye simu. Mtu anauliza, na wengine wanamjibu, hata kama hawajawahi kuonana. Aliandika, "Habari wadau. Nimetengeneza sanduku la kutotolesha. Joto halitulii. Nifanyeje?"

Majibu mawili yalikuja kabla chai yake haijapoa. La kwanza lilitoka kwa mtu aliyejiita Jogoo wa Zamu. Alisema, "Ziba matundu yote mkuu. Joto linatokea hapo."

La pili lilikuwa refu. Lilitoka kwa mwanamke aliyejiita Shangazi wa Mayai. Yeye aliuliza maswali matatu. Sanduku lina feni au halina? Kipimajoto kimekaa wapi? Matundu ni mangapi? Akasema asizibe chochote kabla ya kujibu, kwa sababu kifaranga aliye ndani ya yai anapumua.

Seremala alilipenda jibu la kwanza. Lilikuwa fupi, na lilisema kile ambacho mikono yake ilitaka kufanya. Akaandika, "Asante sana mkuu. Nimepata jibu. Naziba leo." Maswali ya Shangazi hakuyajibu. Aliona akishapata jibu, maswali ya nini tena. Akachukua gundi na vipande vya mbao, akaziba. Kwenye kifuniko akaandika tarehe kwa penseli.

Jioni hiyo waliweka mayai kumi na manne. Siku ya ishirini na moja ilifika, hawakuona kitu. Siku ya ishirini na mbili, kimya. Siku ya ishirini na tatu Bibi alisema sanduku lifunguliwe. Aliyachukua mayai, akaenda nayo nyuma ya banda, akayapasua moja moja. Mawili yalikuwa matupu. Kumi na mawili yalikuwa na vifaranga, wote wamekufa.

"Wamekamilika," Bibi alisema. "Hata kucha wanazo."

Alinawa mikono, akaenda kuwapa kuku waliobaki pumba. Seremala angefurahi kama angegombezwa. Kule kunawa mikono kulimuuma zaidi. Aliizima sauti ya jukwaa kwenye simu yake, na hakulifungua tena. Kwenye alama ya jukwaa palitokea nukta nyekundu yenye namba. Namba ilikua kila wiki. Alijifanya haioni.

Wiki nne hivi zilipita. Kisha kicheche akaingia bandani na kumuua yule jogoo mzee.

Mama Pacha ndiye aliyewaza haraka. Alisema tetea wakishapandwa, wanaendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa siku kadhaa hata jogoo akiwa hayupo. Basi wakakusanya kila yai lililotagwa, na pacha wakawa walinzi wa kiota. Yalipofika kumi na moja, Bibi alisema inatosha, kwa sababu yai likikaa sana nje nalo linapoteza nguvu. Aliyaweka kwenye bakuli lenye kitambaa, akaliweka bakuli juu ya kabati la chumba chake. Hayo ndiyo yalikuwa mayai ya mwisho. Yakiviza, kishingo wa mama yake wamekwisha.

Seremala ilibidi arudi jukwaani. Lakini hakutaka kwenda pale alipouliza mwanzo. Alianza upya, kana kwamba hajawahi kufika. Aliandika, "Wadau, mayai yangu yanaviza. Nifanyeje? Ni haraka." Siku nzima hakujibiwa. Jioni akaandika, "Mbona kimya?" Asubuhi akaandika, "Kwani humu hamna watu?"

Mtu mmoja akajibu, "Watu tupo. Kwanza rudi kule kwa Mwalimu."

Seremala hakuelewa. Mwalimu gani? Alikasirika, akarusha simu juu ya maranda, akasema watu wa mtandaoni wana roho mbaya.

Mchana huo alikuja jirani yao, Mkutubi, kufuata kiti chake kilichokuwa kimevunjika mguu. Alifanya kazi kwenye maktaba, na huko aliwafundisha watu kutumia kompyuta. Alimwamkia Bibi, kisha akauliza kama kiti kimepona.

"Kiti kimepona kuliko mwenye karakana," Mama Pacha alisema, bila kuinua mguu kwenye cherehani. Halafu akamweleza yote, tangu mdondo mpaka kicheche.

Mkutubi aliomba kuiona simu. Alikaa kwenye kiti chake kilichopona, akasoma polepole. Alimuuliza Seremala kwa nini alianzisha uzi mpya wakati uzi wa mwanzo upo. Bibi akataka kujua uzi gani tena, mbona hapa hakuna anayeshona ila mkwewe. Mkutubi alicheka, akamweleza kwamba jukwaani swali na majibu yake yote yakifuatana huitwa uzi. Mtu mwenye shida kama hiyo, hata baada ya mwaka, anakuja kuusoma tangu juu mpaka chini.

"Mimi nilishasema asante," Seremala alisema. "Wanataka adabu gani zaidi?"

"Ulisema asante siku ile ile, shemeji. Ulikuwa bado hujaweka hata yai moja."

"Sasa?"

"Sasa asante ile ilikuwa ya kupewa maneno. Kama maneno yenyewe yalifaa au hayakufaa, hukurudi kusema. Hilo ndilo wanalosubiri. Wanaliita mrejesho." Aliishusha sauti. "Nikusomee yaliyo chini ya asante yako?"

Seremala alichukua keekee yake ya kutobolea mbao, akaanza kuipangusa. Mkutubi akasoma.

Siku kumi baada ya asante yake, mwanamke aliyejiita Mwalimu wa Chekechea alikuwa ameuliza, "Mkuu, ulifanikiwa? Nami nina sanduku kama lako." Baada ya wiki moja aliuliza tena. Kisha aliandika, "Naona mkuu alishukuru, bila shaka limefaa. Leo nami naziba." Na ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa wiki hiyo hiyo: "Mayai yangu thelathini yameviza yote. Kuku walikuwa wa wanafunzi wangu, tulikuwa tunahesabu siku ukutani. Mkuu, kama ulijua, kwa nini hukusema?"

Katikati ya hayo kulikuwa na ujumbe wa Shangazi. Alikuwa amechora sanduku kwa kalamu ya wino, akalipiga picha, akaonyesha mahali pa kila tundu. Chini ya picha aliandika, "Ukipata nafasi nijibu yale maswali matatu." Hakuna aliyemjibu.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama Pacha alinyanyuka, akaenda kwenye sanduku, akasoma tarehe ya penseli kwenye kifuniko. Alihesabu kwa vidole. Kisha akarudi na kusimama mbele ya mumewe.

"Siku Mwalimu alipoziba," alisema, "sisi tulikuwa tumeshafungua letu siku mbili nyuma. Tulikuwa tunajua, Baba Pacha. Neno moja tu lingetosha."

Seremala aliiweka keekee chini. Alisema hakuona ujumbe ule, kwa kuwa alikuwa amezima sauti. Kisha akasema kweli yote. Namba kwenye nukta nyekundu aliiona. Aliogopa kuulizwa.

"Mnajua kitu," Bibi alisema kutoka mlangoni. "Mtu akipita daraja likavunjika, hakai ng'ambo kimya kwa sababu ameona aibu kulowa. Anapiga kelele walio nyuma wasipite."

"Sasa nisimame mbele ya watu elfu nne wa jukwaa, niseme nimeua mayai ya mama yangu?"

"Mayai ni yangu. Mimi nimekuruhusu."

Mkutubi alijizuia kucheka, lakini Mama Pacha hakuweza. Hata Seremala alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyebanwa kidole. Akauliza wataandikaje.

Mkutubi alieleza bila haraka, kama anavyowaeleza watu wa maktaba. Alisema warudi kwenye uzi ule ule wa mwanzo, kwa sababu ndio unaosomwa na mwenye shida. Aseme alifanya nini hasa na kipi kilitokea, kwa hesabu, si kwa "haikufaa" tu. Ajibu maswali aliyoulizwa, hata kama amechelewa. Asimtukane Jogoo wa Zamu, maana naye alitoa ushauri kwa nia njema. Inatosha kusema kwamba kwenye sanduku hili haukufaa. Kuomba radhi kuwe kufupi. Radhi ndefu inawafanya wengine wamfariji yeye, na walioumia wanasahaulika. Ule uzi wa pili aufunge kwa sentensi moja, awaelekeze watu kwenye wa kwanza. Asimfuate mtu faraghani kumsukuma. Na wakishajibu, arudi tena kusema ilikuwaje, iwe heri au shari.

"Na wasipojibu?" Seremala aliuliza.

"Utakuwa umesema ukweli, na atakayekuja kusoma hatapoteza mayai. Hiyo pekee inatosha kwa leo. Kisha ngoja hata siku mbili. Watu wana kazi zao, shemeji. Nawe kiti changu kilikaa hapa wiki tatu, sikukuandikia kila jioni 'mbona kimya'."

Mama Pacha ndiye aliyeandika, na mumewe akasema maneno. Walifuta mara nne. Mwisho ujumbe ulikuwa hivi:

"Wadau, mimi ndiye niliyeshukuru hapo juu kabla ya kujaribu. Niliziba matundu yote. Siku ya ishirini na tatu tulifungua. Mayai 14, mawili matupu, vifaranga 12 wamekamilika, wamekufa ndani. Niliona aibu, nikanyamaza. Mwalimu, ulisoma asante yangu ukadhani ni ushahidi. Kosa ni langu. Nisamehe.

"Shangazi, haya ndiyo majibu yako. Feni haipo. Kipimajoto nilikipigilia juu, karibu na taa. Matundu yalikuwa manne, sasa hakuna. Mchoro wako nimeuona leo. Nina mayai 11 ya mwisho ya mbegu ya mama yangu, na jogoo amekufa. Nikipata maelekezo nitayafuata, na siku ya ishirini na mbili nitarudi hapa kusema ilivyokuwa, hata yakiviza yote."

Bibi alitaka waongeze kwamba vifaranga walikuwa na kucha. Wakaongeza.

Seremala alibonyeza, kisha akaenda kukipaka kiti cha Mkutubi vanishi ya pili, ingawa hakikuihitaji. Hakugusa simu mpaka asubuhi. Alipoifungua, alikuta ujumbe wa Mwalimu. Ulikuwa na maneno matatu: "Afadhali umesema, mkuu." Haukuwa na utamu, na Seremala aliona unamstahili.

Chini yake alikuwepo Jogoo wa Zamu. Aliandika kwamba alikwenda kulichungulia sanduku lake mwenyewe kwa tochi, akakuta lina matundu nyuma ambayo hakuwahi kuyahesabu. Tena lake lina feni. Alisema tangu leo hatamwambia mtu "ziba yote" kabla ya kumuuliza ana sanduku gani.

Shangazi alikuja mchana. Alianza na pole kwa Bibi. Kisha akasema kipimajoto kilimdanganya Seremala. Sanduku lisilo na feni lina joto kali juu na baridi chini. Kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa yai, na hapo kisome digrii thelathini na nane na nusu. Matundu yawe sita juu na manne chini. Badala ya kikombe, aweke sahani pana ya maji, kwa sababu unyevu unatokana na upana wa maji, si kina. Mayai yageuzwe mara tatu kwa siku mpaka siku ya kumi na nane, kisha yasiguswe. Siku tatu za mwisho aongeze sahani ya pili, na asifunue kifuniko hata akisikia sauti. Mwisho aliuliza kama kuku waliobaki wamechanjwa mdondo. Hawakuwa wamechanjwa. Mama Pacha alikwenda kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Seremala alitoboa matundu kumi. Kila tundu lilimuuma kidogo, alisema, kama kung'olewa jino zima. Pacha waliandika alama kwa penseli kwenye mayai, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili wajue yapi yamegeuzwa. Aliyesahau zamu yake alimwoshea mwenzake vyombo.

Siku ya saba walizima taa ya chumba, wakafunga mapazia na kuyaangaza mayai kwa tochi. Matatu yalikuwa meupe ndani, hayana kitu. Kwenye manane waliona mishipa myembamba kama mizizi, na katikati kitu cheusi kilichorukaruka. Bibi aliomba aonyeshwe tena. Mama Pacha aliandika jukwaani: "Siku ya saba. Manane yana uhai, matatu matupu." Hakuuliza kitu. Shangazi alijibu kwa neno moja, "Endeleeni."

Siku ya kumi na nane waliweka sahani ya pili na kufunga kifuniko. Siku ya ishirini, asubuhi, Bibi alisema anasikia mlio. Seremala akasema ni randa. Bibi akamwambia randa ameishika yeye mwenyewe mkononi na haijasogea. Wote wakainama. Ndani ya sanduku kulikuwa na mlio mwembamba, ukakatika, ukarudi.

Saa zile zilikuwa ndefu. Mara mbili Seremala alinyoosha mkono kwenye kifuniko. Mara ya kwanza mkewe alimtazama tu. Mara ya pili Bibi alivuta kigoda chake, akakaa kando ya sanduku na bakora mapajani, akasema anapumzika. Alipumzika pale mpaka kesho yake.

Walitoka sita. Bibi aliwashika mmoja mmoja kiganjani, wakiwa wamekauka, akapitisha kidole shingoni. Shingo sita, zote tupu. Hapo ndipo alipolia, kidogo tu, akasema ni vumbi la mbao.

Siku ya ishirini na mbili, kama walivyoahidi, walirudi jukwaani. Safari hii Seremala aliandika mwenyewe. "Mayai 11. Matupu 3. Waliotoka 6. Waliokufa ndani 2. Mmoja wa hao wawili alikuwa amepasua ganda kisha akakwama. Mmoja wa walio hai miguu inampanuka, hasimami." Kisha ndipo alipoandika asante, kwa Shangazi, kwa Jogoo wa Zamu aliyeliangalia tena sanduku lake, na kwa Mwalimu aliyeuliza mara tatu bila kuchoka.

Jogoo wa Zamu aliuliza sakafu yao ina nini. Ilikuwa na gazeti. Akasema gazeti linateleza, watandike kitambaa cha kukwaruza, na miguu ya yule kifaranga waifunge kwa uzi laini wa sufu, wakiacha nafasi ya upana wa kidole kati ya mguu na mguu. Baada ya siku nne kifaranga alitembea. Mama Pacha alirudi kusema ametembea. Tangu hapo watu waliokuja na swali la miguu walielekezwa kwenye uzi ule.

Vifaranga walikua. Wawili kati ya sita walikuwa majogoo. Baada ya miezi saba tetea wapya walianza kutaga, na mmoja wao, tofauti na mama zake, akaatamia. Bibi alitembea mtaani kana kwamba ni yeye aliyeatamia.

Siku moja, wakila chakula cha mchana, Seremala alimuuliza mama yake kama anaweza kutoa mayai kumi na mawili. Bibi hakuuliza ni ya nani. Alisema alikuwa akijiuliza atachukua muda gani kuyaomba.

Seremala alitengeneza sanduku dogo, akalijaza maranda laini aliyoyaranda kwa ajili hiyo, akalaza mayai ncha chini. Aliuliza jukwaani kama Mwalimu atakubali kupokea. Mwalimu alikawia siku moja kujibu, kisha akatoa jina la stendi. Sanduku lilikwenda kwa basi, na juu yake Mama Pacha aliandika kwa herufi kubwa: MAYAI. TARATIBU.

Hawakumwandikia kumuuliza. Seremala alijua sasa kwamba kila kitu kina siku zake. Lakini asubuhi ya siku ya ishirini na mbili alikuwa amekaa kwenye benchi la kazi na simu mkononi, na msumeno haujaguswa.

Ujumbe ulikuja saa nne, wakati wa mapumziko ya shule. Aliusoma kwa sauti ili mama yake asikie.

"Mrejesho. Mayai 12 yalifika. Mawili yalipasuka njiani, yote ya pembeni, upande wa chini. Kumi tuliyaweka, matundu wazi. Tisa wametoka, shingo tupu. Watoto wanauliza kama wanasikia baridi, wanataka kuwafumia skafu. Asante, Seremala. Asante, Bibi."

Bibi alipiga makofi. Mama Pacha aliuliza hao watoto wana umri gani, akaanza kutafuta mabaki ya nyuzi za sufu. Seremala aliusoma ujumbe tena, kimya kimya, akarudia mstari wa mayai mawili. Ya pembeni, upande wa chini. Kisha akaandika, "Nashukuru kwa kuniambia yale mawili. Nitaongeza maranda chini na pembeni."

Akaiweka simu mfukoni, akachukua ubao, akaanza kupima sanduku lenye kina zaidi.